Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa Paka na Mchanga Wake

Safu ya mwezi huu nimeitenga kwa jambo moja tu, kwa kuwa barua zilizolihusu zimekuwa nyingi na baadhi yake zimeandikwa na watu waliokwisha kata tamaa, wakiwa ukingoni mwa kumtupa mnyama ambaye kosa lake ni dogo na linarekebishika. Nimechagua sita.

Swali. *Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi ghorofa ya tatu Upanga, Dar es Salaam. Wiki mbili zilizopita wanangu waliokota mtoto wa paka chini ya meza ya muuza mboga. Tunakadiria ana wiki sita au saba. Nimemwekea boksi lenye magazeti jikoni, kando ya kisahani chake cha chakula, lakini hajalitumia hata siku moja. Anajisaidia nyuma ya kochi na kwenye chungu cha maua kilichoko barazani. Dada anayenisaidia kazi humsugua pua kwenye uchafu wake na kumchapa kofi, kwa kuwa ndivyo walivyofanya kwao. Baba watoto amesema ikifika mwisho wa mwezi paka aondoke. Je, anafundishika, au paka wa sokoni hafugiki?*

Jibu. Marahaba, mama. Anafundishika, na kwa kweli sehemu kubwa ya somo analijua tayari. Paka wote wa majumbani wametokana na paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, ambaye ni wa jamii moja na kimburu wa mbuga zetu, na mnyama huyo huchimba mchanga, hujisaidia, kisha hufukia ili harufu yake isimfichue. Mtoto wa paka huanza kuparua ardhi kwa namna hiyo akiwa na wiki tatu au nne, hata kama hajawahi kumwona mama yake akifanya. Chungu chako cha maua ndicho ushahidi: miongoni mwa vitu vyote vilivyomo nyumbani mwako, amekichagua kile pekee chenye udongo. Nyuma ya kochi napo hapaendi kwa ukaidi, anakwenda kwa sababu pana giza na utulivu, wala hapana mtu wa kumkanyaga.

Kwa hiyo tuliangalie boksi lako kwa macho yake. Magazeti hayachimbiki. Paka aliyezaliwa sokoni alizoea vumbi na udongo chini ya nyayo zake, na mazoea ya nyayo yanayojengeka katika wiki hizo za mwanzo hukaa naye kwa muda mrefu. Isitoshe, boksi liko kando ya chakula, na paka hapendi kujisaidia mahali anapolia. Hilo ni jambo ambalo sijaona paka mwenye afya akilikubali kwa hiari. Na jikoni kwenyewe ni njia ya watu, pana kishindo cha sufuria na watoto wanaoingia na kutoka.

Chombo kipya hakihitaji kununuliwa. Chukua dumu la plastiki la lita 20, lilaze ubavu, ukate upande wa juu wote, na upande mmoja wa mbele uushushe mpaka ubaki ukuta wa sentimita tano au sita, ili mwenye miguu mifupi aingie bila kuparamia. Kingo zilizokatwa uzisugue zisimchane, na dumu lioshwe mpaka harufu ya mafuta iishe. Beseni pana lisilo na kina nalo linafaa. Atakapokuwa mkubwa utahitaji chombo kirefu zaidi, kiasi cha mara moja na nusu ya urefu wake kuanzia puani hadi mkia unapoanzia, kwa maana paka anayeshindwa kugeuka ndani ya chombo hujisaidia ukingoni na uchafu ukaangukia nje.

Ndani tia mchanga laini uliochekechwa, wa kina cha sentimita tatu au nne. Mchanga wa ujenzi unafaa sana, ila uoshe, kisha uanike kwenye jua kali mpaka ukauke kabisa, au, ukitaka uhakika, ukaange kwenye karai kuukuu na uuache upoe, kwa sababu mchanga wa mitaani huwa na mayai na viluwiluwi vya minyoo vilivyoachwa na paka na mbwa wengine. Ukipata nafasi, chota konzi moja ya udongo wa pale alipookotwa, uukaange vivyo hivyo, uuchanganye na huo. Chembe za dukani zile zinazogandamana zikilowa usimpe kwa sasa. Watoto wa paka huonja kila kitu, na chembe zile zikivimba tumboni huweza kuziba utumbo. Ngoja hadi afikishe miezi minne hivi.

Sasa mahali. Chagua chumba kimoja kidogo, hata stoo au bafu la wageni lisilotumika sana, umweke humo kwa wiki moja: chakula na maji pembe moja, matandiko yake karibu, mchanga pembe ya mbali. Wasomaji wengi huona huu ni ukatili, lakini mnyama wa gramu mia sita au mia saba aliyeachiwa nyumba nzima hupoteza njia, na kibofu chake hakina subira ya kuitafuta. Watoto waingie kucheza naye humo mara nyingi. Baada ya wiki moja ya mafanikio mfungulie chumba cha pili, kisha nyumba nzima, ukiwa umeongeza chombo cha pili upande mwingine wa nyumba. Kanuni tunayoitumia sisi madaktari ni chombo kimoja kwa kila paka na kimoja cha ziada.

Kila anapoamka, kila amalizapo kula, na kila anapopumzika baada ya mchezo, mchukue kwa upole umweke juu ya mchanga, kisha usimame kando. Usimshike mikono kumchimbisha. Hilo humtia hofu na mchanga ukaanza kumwogofya. Unaweza kuuparua wewe kwa kijiti mbele yake. Akishuka bila kufanya kitu, mwache, umrudishe baada ya dakika kumi. Siku ya kwanza atakapofaulu, mbembeleze kwa sauti ya chini, na katika siku mbili tatu za mwanzo bakiza kipande kidogo cha kinyesi chake mchangani ili harufu imwelekeze. Akikosea mahali pengine, kiokote kinyesi hicho ukipeleke mchangani, usafishe pale bila kusema neno. Chungu cha maua kifunike kwa kokoto kubwa juu ya udongo.

Nimebakiza jambo la kofi na la kusugua pua, na hapa naomba nisikilizwe na nyumba nzima. Desturi hii imeenea sana kwetu na haijawahi kumfundisha paka yeyote. Paka haunganishi adhabu ya sasa na mkojo wa nusu saa iliyopita; anachojifunza ni kwamba binadamu huyu ni hatari hasa pale anapojisaidia, na matokeo yake ni kwamba huanza kutafuta maficho ya mbali zaidi, chini ya kitanda, ndani ya kabati la nguo, ambako hamtamwona. Huenda nyuma ya kochi pameanza kwa utulivu na pameendelea kwa hofu. Mweleze dada kwa upole, kwa kuwa naye alifundishwa hivyo, na umkabidhi yeye kazi ya kumpeleka mchangani baada ya chakula cha asubuhi. Nimeona mara nyingi mtu aliyekuwa akimchapa paka akawa ndiye anayefuatwa naye mgongoni.

Ondoa kinyesi na mafungu ya mkojo mara mbili kwa siku kwa kijiko cha matundu, badilisha mchanga wote kila baada ya siku nne au tano, na chombo ukioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Uchafu ufungwe kwenye mfuko uende na takataka. Usiumwage chooni, kwani mchanga utaziba mabomba ya jengo na ugomvi utakuwa na majirani. Wengi hushika ndani ya wiki moja au mbili. Mwambie baba watoto akuongezee mwezi mmoja, na katika mwezi huo mpeleke paka kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo, kwa sababu mtoto wa paka mwenye minyoo na tumbo la kuharisha hawezi kufika mchangani hata akitaka.

Swali. *Nimekuta paka watatu wachanga nyuma ya banda langu hapa Bagamoyo, macho yamefunguka juzi tu, na mama yao amegongwa na gari. Nawanyonyesha maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Wanakunywa lakini siku ya pili sasa hawajajisaidia, na matumbo yamekuwa magumu. Niwawekee mchanga?*

Jibu. Mchanga bado, ndugu yangu. Hao wana kama siku kumi hadi kumi na nne, na katika umri huo paka hawezi kukojoa wala kwenda haja kubwa peke yake. Mama ndiye huwalamba chini ya mkia, na mlambo huo ndio unaofungua njia. Fanya kazi yake: lowesha pamba au kitambaa laini kwa maji ya uvuguvugu, uwapanguse hapo taratibu, kwa mwendo mdogo wa kurudiarudia, kabla na baada ya kila mlo, mpaka mkojo utoke. Mkojo unapaswa kutoka karibu kila mara, na kinyesi angalau mara moja kwa siku. Anza sasa hivi; na kwa kuwa zimepita siku mbili na matumbo yamekuwa magumu, wapeleke kwa daktari leo.

Maziwa ya ng'ombe yana sukari ambayo matumbo yao hayaimudu, nayo huwaharisha au kuwavuruga. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka katika duka la dawa za mifugo, au jike mwingine anayenyonyesha, kwani wengi hukubali yatima wakipakazwa harufu ya watoto wake. Walishe kila baada ya saa tatu au nne wakiwa wamelala kifudifudi, kamwe wasilazwe chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Hakikisha kwanza wana joto. Paka mchanga aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Wakifikisha wiki tatu utawaona wanaanza kuparua matandiko, na siku hiyo ndiyo ya kuwawekea sinia lenye mchanga kidogo.

Swali. *Kwetu Moshi tunapikia kuni na majivu ni mengi. Je, yanafaa badala ya mchanga? Na maranda ya seremala?*

Jibu. Majivu hapana. Yanafyonza mkojo vizuri, lakini ni magadi makali yanayochubua nyayo, vumbi lake huingia mapafuni, na paka huyalamba yote anapojisafisha. Pia yataonekana kwenye kila kiti ulichonacho. Ni adha hiyo hasa iliyoleta mchanga wa paka wa dukani: mwaka 1947, katika mji wa Cassopolis, jimbo la Michigan nchini Marekani, jirani aliyechoshwa na alama za nyayo zenye majivu alikwenda kwa Edward Lowe kuomba mchanga, naye akampa chembe za udongo mkavu ambazo baba yake alikuwa akiviuzia viwanda kwa kufyonzea mafuta. Jirani akarudi kuomba tena. Lowe akaanza kuuza mifuko ya ratili tano kwa senti 65.

Maranda yanafaa, mradi yatokane na mbao ambazo hazikutiwa dawa ya mchwa, na yawe laini. Muulize seremala bila kuona haya. Unga wa mbao uliopondeka sana huleta vumbi, kwa hiyo uchekeche kwanza. Ukitaka kumhamisha paka kutoka mchangani kwenda kwenye maranda, changanya kidogo kidogo kwa siku kumi. Nimepokea barua mbili nyingine za watu waliobadilisha ghafla, mmoja akitumia chembe za dukani zenye manukato ya maua, na paka waliokuwa wasafi wakahamia zuliani. Manukato yale yanamfurahisha mnunuzi; kwa pua ya paka ni karaha.

Swali. *Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa Mkunazini, Unguja. Paka wetu mdogo alikuwa hodari wa mchanga, lakini tangu mwezi uliopita amekojoa mara tatu juu ya msala wangu. Tunaufua kwa dawa ya klorini na sakafu tunaipiga deki kwa dawa ya kuulia vijidudu, ile inayogeuka nyeupe ikitiwa majini, na bado anarudi pale pale. Nampenda, lakini msala siuwezi kuusamehe.*

Jibu. Wa alaykumu salaam, mzee wangu. Paka ana heshima yake katika nyumba za Waislamu, na hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, inajulikana pwani yote. Ila mkojo ni jambo jingine, na habari ya tohara ya msala nawaachia masheikh. Mimi nizungumzie harufu.

Anarudi kwa sababu harufu ipo bado. Pua ya binadamu inaridhika mapema. Ya paka haidanganyiki. Klorini na mkojo vikikutana hutoa hewa inayowasha macho na kifua, kwa hiyo acheni kuvichanganya kwa ajili yenu wenyewe. Na ile dawa inayogeuka nyeupe majini mara nyingi ina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja. Anaikanyaga sakafuni, anailamba nyayoni, na sumu inajikusanya. Nakuomba uiache kabisa maadamu paka yumo ndani, na nakuomba hasa uulize kama chombo chake cha mchanga nacho huoshwa kwa dawa hiyo, maana ukiniambia ndivyo, nadhani tumekwisha pata sababu ya yeye kukikimbia.

Msala uloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga iliyo na vimeng'enya, ile inayotangazwa kuondoa madoa ya damu na vyakula, kwa saa kadhaa; suuza kwa maji mengi, kisha kwa siki nyeupe iliyozimuliwa, sehemu moja ya siki kwa mbili za maji, na uanike juani. Sakafu ifanyiwe vivyo hivyo. Baada ya kila swala msala ukunjwe uwekwe juu. Kama huyo ni dume na amekaribia miezi sita, mpeleke akahasiwe. Madume wengi huacha kabisa kunyunyiza mkojo wakihasiwa mapema. Na kama kuna wageni, mjukuu mpya au paka mwingine aliyeingia mwezi uliopita, mwongezee chombo cha pili mahali pa faragha.

Swali. *Dume wangu wa miezi saba, hapa Tanga, ameanza kuingia na kutoka kwenye mchanga mara ishirini kwa siku. Anachuchumaa, analia, linatoka tone moja au halitoki kabisa. Nyumbani wanasema amefunga choo, nimpe mafuta. Au amesahau mafunzo?*

Jibu. Barua hii nilimjibu mwenyewe kwa simu siku ile ile iliponifikia, na ninaichapa kwa ajili ya wengine. Dume anayechuchumaa bila kutoa mkojo huenda njia yake ya mkojo imeziba, na akikaa hivyo siku moja au mbili sumu hupanda damuni na anaweza kufa. Hapa hakuna mafunzo wala mafuta. Aende kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asipewe parasetamoli kwa hali yoyote ile. Kidonge kimoja tu kinatosha kumuua paka.

Swali. *Nina ujauzito wa miezi mitatu. Mume wangu amesikia kwamba kinyesi cha paka huharibu mimba, na ametaka tumpeleke paka wetu mdogo akatupwe mbali. Tunaishi Nairobi. Naomba ukweli.*

Jibu. Ukweli ni kwamba mumeo amesikia jambo la kweli, ila hakulisikia lote, na wasiwasi wake ni wa mtu anayekujali. Kipo kijidudu kiitwacho toksoplazma, na paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza, kwa kula panya au nyama mbichi, huweza kukitoa katika kinyesi chake kwa wiki moja hadi tatu. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika vibaya. Hilo silipunguzi hata kidogo.

Lakini vijiyai vinavyotoka katika kinyesi haviambukizi papo hapo. Vinahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kinyesi kinachoondolewa kila siku, bila kungojwa, hakipati nafasi hiyo. Kushika manyoya ya paka si njia ya kawaida ya kuupata ugonjwa huu. Watu wengi huupata kwa nyama isiyoiva vizuri, kachumbari na mboga zisizooshwa, na udongo wa bustani, na hatari hizo zitabaki nyumbani kwenu hata paka akiondoka. Basi nyama iive mpaka ndani, mboga zioshwe kwa maji mengi, uvae glavu unapolima, na paka asile nyama mbichi wala asitoke nje kuwinda. Katika kliniki ya wajawazito waulize kuhusu kipimo cha damu kinachoonyesha kama uliwahi kuambukizwa zamani.

Na mchanga usiuguse wewe mpaka ujifungue. Mumeo ndiye auondoe uchafu kila asubuhi kabla hajaenda kazini, akioshe chombo kwa maji yanayochemka, kisha anawe mikono kwa sabuni.